Ukuta na Ufa: Namna Magari Yanavyovishwa Deraya

Mada kwa semina ya madereva na wasimamizi wa usafirishaji



Likitajwa gari la deraya, wengi wetu huuliza kwanza unene wa chuma. Nakusudia kuonyesha kwamba unene ni sehemu tu ya kazi, na huenda si sehemu ngumu zaidi.

1. Ukuta

Chuma cha deraya si bati la bodi. Ni bamba lililotiwa moto na kupozwa ghafla hadi likakomaa. Panapotakiwa wepesi huwekwa kauri ngumu inayovunja ncha ya risasi, na nyuma yake nyuzi kama Kevlar zinazodaka vipande. Kioo nacho ni matabaka yaliyogandishwa pamoja. Tabaka la plastiki upande wa ndani huzuia vigae visiwarukie abiria.

Katika vipimo vya Ulaya, kioo cha BR4 huzuia risasi za bastola nzito, BR6 risasi za kawaida za bunduki za kivita, na BR7 zile zenye kiini cha chuma kigumu. Basi muuzaji akisema gari lake “halipenywi na risasi”, muulizeni: risasi ipi?

2. Ufa

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fundi mbaya hujenga ukuta na kuuacha ufa. Mlango una upenyo pembeni, kwa hiyo bamba la mlango lazima lilalie lile la fremu. Betri, tangi la mafuta na rejeta navyo vinataka kinga. Ndani ya tairi hufungwa pete ngumu kwenye rimu, ili tairi likitobolewa gari liendelee kukimbia. Katika magari ya fedha, chumba cha mzigo hutengwa na cha wahudumu, na milango hupangwa ili mmoja usifunguke kabla mwingine haujafungwa.

3. Tumbo

Bomu la ardhini lilibadili fikra za wahandisi kusini mwa Afrika miaka ya 1970. Afrika Kusini ilitengeneza Casspir, jina lililochanganywa kutokana na herufi za SAP na CSIR, yaani polisi na taasisi ya utafiti ya nchi hiyo. Tumbo lake limechongoka mfano wa herufi V na limeinuka juu ya ardhi: mlipuko hupoteza nguvu njiani, kisha hutawanyika pembeni. Wanajeshi wa Uganda waliyatumia magari hayo Mogadishu. Katika magari mengi ya sasa ya aina hii, kiti huning’inizwa mbali na sakafu, maana sakafu ikisukumwa juu huvunja miguu na uti wa mgongo.

4. Gharama ya uzito

Land Cruiser iliyokingwa dhidi ya bunduki huweza kuongezeka tani 1 au zaidi. Springi na breki za kiwandani hazikuundwa kwa mzigo huo, na kwenye kona gari hupinduka upesi.

5. Mapendekezo

Breki na springi ziimarishwe pamoja na deraya. Kioo kinachofanya mapovu au ukungu kati ya matabaka kikaguliwe na kubadilishwa. Dereva afunzwe katika gari lenye uzito uleule. Deraya humpa dakika chache za kutoka kwenye shambulio. Akisimama pale pale, risasi zitarudi palepale zilipogonga mwanzo, na hakuna ukuta unaovumilia hilo daima.