Si Mimi Niliyepakiza

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Matendo ya Mitume 27:9-44



Kati yetu mna mashofere wa kamio zinazotoka Kisangani kwenda Bafwasende, Nia-Nia, Beni na Butembo, na wengine wa njia ya Banalia na Buta. Mara nyingi shofere anakuta kamio imekwisha kupakizwa. Watu wa mwenye mali wamepanga magunia ya mpunga na bidoni za mafuta ya mawese, bashi imefunika yote, na juu yake abiria wamekaa. Anaambiwa: “Tayari, ondoka.” Mzigo ukianguka njiani, anasema: “Si mimi niliyepakiza.”

Je, jibu hilo linasimama mbele za Mungu?

Zamani watu wa Israeli walikaa juu ya paa za nyumba zao. Mungu akamwagiza mwenye nyumba ajenge ukingo pande zote, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba yake. Haulizwi fundi aliyejenga, anaulizwa mwenye nyumba. Vivyo hivyo, kamio ikiwa mkononi mwako, roho za watu ziko mkononi mwako. Sheria ya barabara ya nchi yetu, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, nayo inataka mzigo upangwe na kufungwa usihatarishe watu.

Basi, ndugu shofere, kabla ya kuwasha motere, inua bashi, utazame. Vitu vizito viwe chini. Vuta kila kamba. Ukiisha kupita mashimo ya kwanza, simama ukaze tena, maana magunia yanashuka na kamba inalegea. Mzigo ukiwa umeegemea upande mmoja, kataa kuondoka mpaka upangwe upya.

Tunajua kukataa ni kugumu. Shofere anaogopa kufukuzwa, na watoto wanangoja chakula. Kwa hiyo neno hili ni lako pia, mwenye mali. Paulo alionya kwamba safari ina hatari, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Watu 276 walikaribia kufa, na ngano yenyewe ikatupwa baharini. Usimfukuze shofere aliyekataa kuhatarisha watu. Amelinda mali yako, na amekulinda wewe usiwe na damu mikononi.

Tunaweka mikono juu ya kamio na kuomba. Ni vizuri, tuendelee. Lakini tukumbuke: malaika alikwisha kumwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepotea, na bado Paulo alisema wanamaji wakitoroka merikebu, watu hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuondoa kazi ya mwanamaji. Maombi yetu nayo hayaondoi kazi ya kufunga kamba.

Tuombe: Bwana, utupe macho ya kuona kilicho chini ya bashi, na moyo wa kusema hapana panapostahili. Linda wote walio njiani leo. Katika jina la Yesu. Amina.