KARANI AMEBAKI PEKE YAKE

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji walioyakosa.)

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba niiache siasa na bei ya pamba, nizungumze juu ya paka. Najua wapo watakaocheka. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka jioni moja jirani yetu wa Mwanhuzi aliponipigia simu. Akasema, "Kaka, njoo uongee na mama. Paka wake analia usiku kucha, na watu wameanza kusema."

Watu wameanza kusema! Aliyezaliwa Usukumani anajua uzito wa maneno hayo. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake, na paka wake ni mweusi. Katika miaka ya 1980 na 1990, na hata baadaye, bibi vizee wengi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe yaligeuzwa kuwa ushahidi. Wilaya ya Meatu wakati huo ilikuwa Shinyanga. Imo Simiyu tangu mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012. Mipaka ya mkoa hubadilishwa kwa tangazo la Serikali. Fikra za watu hazibadilishwi kwa tangazo.

Paka huyo anaitwa Karani. Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, na paka huyu alipenda kulala juu ya madaftari yake ya pamba. Ndugu yake aliitwa Tarishi, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja. Walizaliwa siku moja, na wakalinda mahindi na mtama wa nyumba ile kwa miaka kumi na minne. Kisha Tarishi akala panya aliyekula sumu, akafa asubuhi moja mlangoni. Ndugu msikilizaji, sumu ya panya haimalizii kazi kwa panya. Paka akimla panya huyo, naye anaweza kufa. Unayemwekea panya sumu nyumbani kwako, unaweza kumwua mlinzi wa jirani yako.

Baada ya hapo Karani akaanza kulia. Alizunguka vyumbani, akanusa gunia alilokuwa akilalia mwenzake, kisha saa nane za usiku akapaza sauti kama mtoto.

Nikajiona mtu mwenye akili. Nikatafuta paka dume kijana mjini Bariadi, nikamtia kwenye boksi lenye matundu, nikapanda naye basi mpaka Mwanhuzi. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama, na hapo hapo nikafungua boksi katikati ya sebule. Nilitegemea kuona mapenzi. La hasha! Karani alivimba mkia, akapanda juu ya magunia, na siku nzima hakula. Usiku alikojoa kwenye godoro la mama. Kijana wangu naye akajificha nyuma ya kabati, akiunguruma.

Mama akanitazama. "Mwanangu, nikuletee mgeni bila taarifa, ale katika sahani yako, alale kitandani pako, ungemkaribisha?"

Nilikosa jibu. Kesho yake nikaenda kumwomba msaada afisa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, akamwangalia Karani meno na macho, akamshika tumbo. Kisha akasimama nyuma yake na kupiga makofi kwa nguvu. Karani hakugeuka, hata sikio halikutikisika.

"Paka wenu ni kiziwi," akasema. "Analia kwa nguvu kwa sababu hajisikii."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tarishi ndiye aliyekuwa masikio yake. Tarishi akiinuka kwenda kula, Karani aliinuka. Tarishi akikimbia, alikimbia. Sasa amebaki katika nyumba isiyo na sauti wala mwenzi.

Afisa yule alinieleza mambo ambayo ningependa kila mwenye paka ayajue. Paka wetu wa nyumbani ametokana na paka-pori, ambaye hadi leo yupo katika mbuga zetu, na ambaye huwinda peke yake. Kwa hiyo si kama mbwa anayetafuta kundi. Paka wengine hupendana, hasa waliokua pamoja, lakini mgeni kwake ni mvamizi mpaka harufu yake izoeleke.

Basi tukaanza upya. Kijana alifungiwa chumba cha uani, na chakula chake, maji yake na beseni lake la mchanga. Tulimfuta mashavu kwa kitambaa, kitambaa tukakiweka karibu na Karani. Cha Karani tukakipeleka kwa kijana. Baada ya siku chache tukawalisha dagaa kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, ili harufu ya mwenzake iambatane na shibe. Juma la pili mlango ukafunguliwa kidogo, kwa dakika chache tu. Waliponguruma tulifunga, bila fimbo wala ufagio, kwani paka anayepigwa humlaumu yule aliye mbele yake. Kijana alihasiwa pia, jambo linalopunguza ugomvi na kukojoa ovyo, na wote wakachanjwa kichaa cha mbwa, maana paka nao huambukizwa.

Kwa Karani mwenyewe dawa ilikuwa ndogo zaidi. Chakula laini kwa saa ile ile kila siku. Boksi fupi lenye kanga kuukuu ndani, karibu na kitanda cha mama. Taa ndogo usiku. Na kwa kuwa hasikii, mama humgusa sakafu kwa kiganja kabla ya kumkaribia, ili asishtuke. Paka mzee anayeanza kulia usiku apimwe kwanza: huenda ni masikio, macho, figo, tezi au maumivu. Wala usimpe panado. Kidonge kimoja tu kinaweza kumwua.

Lakini kabla afisa hajaondoka nilimwomba jambo moja zaidi. Tuliwaita majirani na mwenyekiti wa kitongoji, wakakaa uani, na yeye akapiga makofi yale yale mbele yao. Mzee mmoja akaomba ajaribu mwenyewe. Akapiga sufuria kwa mwiko. Karani akaendelea kujilamba makucha. Mzee akaweka sufuria chini na kusema, "Kumbe ni uzee tu." Watu wakacheka, na mama akacheka nao. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipomzika baba.

Je, paka wale wamekuwa marafiki? Hapana. Kila mmoja ana sahani yake na pembe yake. Ila kijana akiinuka kwenda jikoni, Karani siku hizi humfuata kwa mbali. Usiku bado hulia, mara moja moja, na mama hunyoosha mkono gizani akamgusa.

Mama amemwita kijana Kibarua. Nilipomwuliza juzi kwa simu lini atamwajiri, alinijibu kuwa bado yuko kwenye majaribio. Kisha akauliza, "Na wewe, unakuja lini?"

Ndugu msikilizaji, unaye mzee kijijini au katika mji mdogo, anayeishi peke yake na paka wake? Usingoje jirani akupigie simu. Nami nimekwisha kata tiketi ya Jumamosi.