Mtumwa Aliyegawa Chakula

Neno la kusoma: Mathayo 24:36-51

 

Sisi wakaaji wa Eastlands twakaa ndani ya majina ya Biblia. Shuka na Jogoo Road, uulize njia ya Jericho au ya Jerusalem, na mtoto yeyote atakuonyesha. Basi jioni moja, hapo Jericho, tulikuta watu wakibishana nje ya duka. Kijana mmoja alikuwa akihesabu dalili kwa vidole: nzige walioingia nchini Desemba 2019, corona ya mwaka 2020, tena vita. Akasema mwaka wa mwisho anaujua. Mzee mmoja akacheka: "Kijana, mimi naambiwa hivyo tangu sijaoa, na kodi ya nyumba nalipa kila mwezi."

Watu wakacheka, lakini mama mmoja hakucheka. Alitugeukia akauliza: "Pasta, kama umebaki mwaka mmoja, karo ya nini?"

Ndugu wapendwa, swali hili si la mchezo. Mwaka 1844, huko Marekani, wafuasi wa William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba, na wengine waliacha mazao yao shambani. Kulikucha kama kawaida. Hapa Kenya wako waliojificha wakingoja vita vya nyuklia tarehe 12 Septemba 2006, na siku ile ikapita. Majirani zetu wa Kanungu, Uganda, waliambiwa dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Haikwisha, lakini tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya kanisa. Na tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto wengi pia. Walikuwa wamefundishwa kufunga hata kufa ili wamwone Yesu. Mafundisho hayo yalianza kwa kukataa shule na hospitali.

Twaweza kuwalaumu wahubiri hao, na ni haki. Lakini nasi wachungaji tujichunguze. Kila Jumapili twakiri katika Imani kwamba Kristo atakuja tena, kisha twapanda mimbarani tukanyamaza juu ya jambo hilo, kwa kuogopa kuchekwa. Chuoni tulifundishwa kulieleza kwa maneno marefu. Tulipoacha shamba bila kulima, wengine walipanda magugu.

Bwana Yesu mwenyewe amesema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba. Basi anayetaja tarehe amejipa ujuzi ambao malaika hawakupewa. Lakini msiishie hapo. Someni mpaka aya ya 45. Yule mtumwa anayesifiwa amesifiwa kwa nini? Je, alikisia saa ya kurudi kwa bwana wake? La. Bwana alimkuta akiwapa watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake.

Tazameni basi jinsi Shakahola ilivyoligeuza Neno. Yesu alisema mtumwa mwema hugawa chakula. Wao walifundishwa kuwanyima watoto chakula. Hiki ndicho kipimo chetu. Fundisho la mwisho wa dunia likimnyima mtoto chakula, dawa au kitabu, halikutoka kwa Bwana wa nyumba ile. Hata Wathesalonike, waliodhani siku ya Bwana imekwisha kufika, Paulo aliwaagiza wafanye kazi na kula chakula chao wenyewe.

Tulimjibu yule mama hivi: Bwana akija siku ya mtihani, na amkute mtoto wako ameshika kalamu. Lakini tulipozungumza naye zaidi tulitambua kwamba hakuwa akitafuta tarehe. Alikuwa amechoka. Biashara yake ya mboga ilikuwa imeanguka, na karo ilikuwa ya mihula miwili. Mara nyingi anayeuliza dunia itakwisha lini anauliza taabu yake itakwisha lini. Mtu wa namna hiyo ukimpa aya tu, umempa nusu ya chakula. Tulipeleka neno hilo kwa wazee wa kanisa, wakachanga. Haikutosha yote, lakini mtoto alirudi darasani.

Ndugu msikilizaji, yuko nani mlangoni pako ambaye wakati wake wa chakula umefika? Usibishane naye juu ya saa. Mpe sehemu yake leo.

Tuombe. Ee Bwana, twangojea kuja kwako kwa furaha. Utuepushe na manabii wa uongo, na uvivu wetu pia. Ukija usiku au mchana, utukute tukigawa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.