Nyimbo za Santuri Zisipotee: Jinsi ya Kuzihamisha Hadi Kwenye Kompyuta Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wa kaunti



Katika nyumba nyingi, santuri za wazee zimelala kabatini au chini ya kitanda. Baadhi zina sauti za Fadhili William na Daudi Kabaka, waliorekodi na Equator Sound jijini Nairobi miaka ya 1960. Nyingine ni za kale zaidi: Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi kule Bombay mwaka 1928. Sahani ikipindwa na jua au ikivunjika, wimbo huo umekwenda. Kwa hivyo inafaa kunakili mapema, wakati mzee anayezijua nyimbo hizo bado yupo.

Vifaa vinavyohitajika ni vinne: mashine ya santuri, amplifaya yenye tundu la fono, kompyuta na waya wa kuviunganisha. Sauti itokayo kwenye sindano ni hafifu mno, na lazima ipitie tundu la fono kwanza. Mashine zenye waya wa USB huunganishwa moja kwa moja na kompyuta. Programu ya Audacity hupatikana bila malipo.

Kazi huanza kwa usafi. Vumbi hufutwa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji, si kuikata. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe na spiriti, kwani huyeyusha lakiri iliyotumika kuzitengeneza. Hizo pia huhitaji sindano nene kuliko ile ya santuri za mizunguko 45 au 33⅓.

Kabla ya kurekodi, sehemu yenye kelele zaidi huchezwa kwa majaribio. Kipimo cha sauti kisipite takriban desibeli -6, maana sauti ikizidi hukwaruza, na mkwaruzo huo hauondoki. Kisha upande mzima hurekodiwa bila kusimama, na nyimbo hutenganishwa baadaye.

Faili ya kwanza ihifadhiwe kama WAV au FLAC. Saa moja ya WAV ya kiwango cha CD huchukua takriban MB 600. Kutoka hiyo, nakala ndogo ya MP3 hutengenezwa kwa ajili ya simu. Faili ipewe jina la msanii, wimbo na nambari iliyo kwenye lebo, kisha nakala mbili ziwekwe mahali tofauti. Flashi moja peke yake haitoshi.

Jambo la mwisho ni haki. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Anayetaka kuuza nakala au kuzisambaza mtandaoni apate kwanza idhini ya wenye haki. Bodi ya Hakimiliki Kenya ndiyo yenye jukumu la masuala hayo.

Baada ya kunakili, santuri isitupwe. Isimamishwe wima, mbali na jua, kwani hiyo ndiyo asili.