Aliyeangushwa Ndiye Shahidi wa Kwanza

Maneno yaliyosemwa na timu ya agenti wa tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Komite imetupa dakika 20. Tumekuja na ombi moja, na mwishoni mtapiga kura: mkubali au mkatae. Ombi lenyewe ni hili: chama chetu kifungue daftari la heshima la wanamieleka wa Fizi na Uvira, na baadaye, tukiweza, majina hayo yaandikwe kwenye ukuta wa ofisi yetu.

Tunajua wengine mmeanza kucheka. Mtu akisikia mieleka, anawaza kachi ya Kinshasa, wanaume wenye kupaka uso rangi na kutupiana dawa mbele ya watu. Ile ni burudani, hatuna ugomvi nayo. Leo tunasemea mieleka ya ridhaa, ile ya kushikana kwa mikono mitupu, bila kupiga ngumi, bila mshahara, ambayo mwisho wake ni mabega mawili ya mwenzako kugusa chini. Mchezo huu ulikuwamo katika Olimpiki ya 1896 kule Athens, na tangu 2004 wanawake nao wanaushindania kwenye Olimpiki. Mwaka 2023 Michezo ya Francophonie ilifanyika hapa kwetu, Kinshasa, na ndani yake kulikuwa na mieleka huru na mieleka ya Kiafrika. Kwa hiyo si mchezo wa watoto wasio na kazi.

Kilichotufanya tusimame leo ni kilio kimoja. Wengi wenu mlikuwepo. Alikuwa mzee aliyefundisha vijana mieleka kambini kule Nyarugusu, kwenye mchanga, jioni, baada ya watu kurudi kuchota maji. Aliporudi nyumbani kwa meli kutoka Kigoma, akaendelea kufundisha hapa kwenye mchanga wa ziwa. Jina lake hatulitaji leo, kwa sababu familia yake ndiyo yenye haki ya kulileta hapa kwanza. Siku ya mazishi watoto wake walituomba: nyinyi mmesoma, semeni neno juu ya kazi ya baba. Tukasimama. Hatukuwa na tarehe hata moja. Hatukujua alianza mwaka gani, alifundisha watu wangapi, alimshinda nani, nani alimshinda yeye. Tulisema tu kwamba alikuwa mtu mzuri. Maneno hayo yanasemwa juu ya kila maiti. Tuliketi na aibu.

Baadaye mjane wake akatuambia kulikuwa na kaye. Mzee aliandika kila pambano: nani na nani, siku gani, nani alianguka. Kaye ile ililowa maji wakati wa kurudi, na kurasa zikashikana. Mmoja wa watoto akaitumia kuwasha moto. Ndugu zetu, sisi warudi tunajua vizuri hadithi hii. Diploma ya shule ya msingi ilipotea, cheti cha kuzaliwa kikapotea, karatasi ya shamba ikapotea. Mtu asiye na karatasi anabaki na midomo ya watu wanaomkumbuka tu, na midomo hiyo inaenda kaburini moja moja.

Sasa tuwaambie wengine wanafanyaje. Wengi hapa muko na ndugu waliotoka kambini wakapelekwa Marekani, na wako wenye wanaishi katika jimbo la Iowa, miji kama Des Moines na Waterloo. Wanawaambia kwa simu kwamba kule baridi ni kali. Labda hawajawaambia kwamba jimbo hilo linapenda mieleka kama sisi tunavyopenda mpira. Mjini Waterloo kuna jumba la makumbusho la mieleka lenye jina la Dan Gable, mtoto wa mji huohuo, aliyeshinda medali ya dhahabu Olimpiki ya Munich mwaka 1972 bila wapinzani wake kupata hata pointi moja. Iowa ina pia Nyumba ya Heshima ya wanamieleka wa jimbo, na imepewa jina la Glen Brand, mwana wa Iowa aliyeshinda dhahabu London mwaka 1948.

Nyumba kubwa ya taifa iko Stillwater, jimbo la Oklahoma, tangu 1976. Lakini walielewa jambo moja: nyumba moja haiwezi kujua mwalimu wa kila kijiji. Kwa hiyo wakaweka matawi katika majimbo. Watu wa jimbo ndio wanaowajua watu wao, ndio wanaokaa kuchagua, ndio wanaoandaa karamu ya mwaka na kumwita mtu mbele ya wajukuu wake. Tunalisemea neno hilo kwa sababu hata sisi tukingoja Kinshasa ituandikie wazee wetu wa Fizi, tutangoja sana.

Tulipochunguza namna wanavyochagua, tulipata mafundisho manne. Tunawaletea yote.

La kwanza: hawaheshimu washindi peke yao. Kuna heshima ya makocha na waamuzi waliotoa miaka mingi ya maisha yao. Kuna heshima ya watu ambao mchango wao haukuwa wa kupigana wala wa kufundisha. Kuna medali ya ujasiri, kwa mwanamieleka aliyepita katika mateso makubwa ya maisha. Kuna hata heshima ya mtu aliyepiga mieleka ujanani kisha akafanya makubwa katika kazi nyingine: mwaka 1992 walimpa Abraham Lincoln, rais wao wa zamani, ambaye alikuwa mwanamieleka kabla ya siasa.

Hapa tunamkumbuka mama mmoja wa kartiye yetu. Tulipopita kueleza ombi hili, alisimama akasema: «Munataka kuandika jina ya mutu juu aliangusha mwenzake? Na mimi mwenye nililea yatima sita, mutaniandika wapi?» Tulinyamaza. Usiku tulijadiliana mpaka mafuta ya taa yakaisha. Tunamjibu leo, mama, na jibu letu si kamili. Kati ya yatima wako, wawili walikuwa wanakuja mchangani. Walikuja wameshiba kwa sababu yako, na walirudi na nguo zilizochanika, ukashona. Katika daftari hili kutakuwa na sehemu ya watu kama wewe. Kazi yako yote haitaenea humo, hilo tunakubali. Hiyo inahitaji daftari lake, na tukianza na hili, tutakuwa tumejifunza namna ya kuandika.

La pili: aliyeshindwa naye ana jina. Dan Gable huyo alikaa miaka yote ya sekondari bila kuanguka, na karibu miaka yote ya chuo kikuu. Pambano lake la mwisho la chuo, mwaka 1970, alishindwa na kijana anaitwa Larry Owings. Mara moja tu. Na mpaka leo mtu akisimulia maisha ya Gable anamtaja Owings. Gable mwenyewe hakujificha; miaka 2 baadaye alikuwa na dhahabu ya Munich, na kisha akawa kocha mkubwa. Pambano lina watu wawili. Ukiandika mmoja, umeandika nusu.

La tatu: heshima haiuzwi. Mwanamieleka Dave Schultz, mshindi wa dhahabu Los Angeles mwaka 1984, aliuawa kwa risasi mwezi wa kwanza 1996 na tajiri John du Pont, mtu aliyekuwa akiwafadhili wanamieleka na kuwapa mahali pa kukaa na kufanyia mazoezi. Mwaka huohuo Nyumba ya Heshima ilianzisha zawadi ya wanafunzi wa sekondari. Inaitwa kwa jina la Schultz, aliyeuawa. Nasi tuko na watu wenye pesa, na wengine watakuja kusema: nitanunua rangi ya ukuta, mnitangulize juu. Tutasema aksanti kwa rangi.

La nne: zawadi hiyo ya wanafunzi inaangalia mambo matatu kwa pamoja: mieleka, masomo, na tabia kati ya watu. Wasichana nao wana ya kwao, yenye jina la Tricia Saunders, bingwa wa dunia mara 4. Kijana mwenye kuangusha wote lakini anapata sifuri shuleni na kutukana mama yake, hapati.

Ndugu zetu, mambo haya yanatugusa karibu. Mnajua nguvu za kijana wa miaka 17 zinatafutwa na nani hapa kwetu. Kuna watu porini ambao hawamwombi cheti wala hawamwulizi kama ana karo ya shule. Wanamwambia tu: wewe uko na nguvu, njoo. Hatusemi kwamba jina ukutani litazuia bunduki. Tumefanya kazi hii miaka ya kutosha, hatudanganyi watu. Lakini tumeona kijana akikubali kubaki kwa sababu kuna mtu mzima mmoja anayemngoja saa kumi na moja jioni. Tukimsahau huyo mtu mzima siku anapokufa, nani atakubali kuchukua nafasi yake?

Mnamkumbuka pia Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili ni wa kutoka Bukavu, wote wawili wa judo, ambayo ni ndugu wa mieleka. Vita viliwatoa nyumbani, na mwaka 2016 walisimama Rio de Janeiro katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, watu 10 kwa jumla. Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Dunia nzima iliandika majina yao. Sisi tunauliza: watoto wa Baraka wangapi wanayajua? Na kama hao wenye kuonekana kwenye televisheni tunawasahau, huyu wa mchangani itakuwaje?

Sasa ombi letu, kwa vipengele.

Moja: daftari lifunguliwe leo. Ni kaye moja ngumu na kalamu mbili. Tumeshazinunua wenyewe. Sanduku la chama lisiguswe, hata franka moja. Pesa ya wagonjwa ni ya wagonjwa, na ya kilio ni ya kilio. Ukuta utasubiri.

Mbili: kila jina liletwe na mashahidi watatu. Na shahidi wa kwanza awe mtu aliyeangushwa na huyo anayeletwa, kama yuko hai. Mtu wa familia atasifu hata uongo. Rafiki atasifu. Lakini yule aliyekula mchanga anajua ukweli, na akisema «ndiyo, huyu alinishinda bila hila», neno lake lina uzito. Tena mnajua kwamba kambini tulipigana mieleka bila kuulizana kabila: Mbembe, Mfuliru, Muvira, Munyamulenge, mtu alishika aliyekuwa mbele yake. Sheria hii itawalazimisha wazee wetu kutafutana tena, kuvuka mto, kwenda kuuliza: yule bwana aliyekuangusha, bado unamkumbuka? Hata kama daftari halitafika ukurasa wa kumi, safari hizo zitakuwa zimefanyika.

Tatu: mwana-komite asilete ndugu yake, na sisi agenti tusilete mtu yeyote. Kazi yetu iwe kuandika tu.

Nne: wanawake wahesabiwe tangu ukurasa wa kwanza. Wasichana walikuwa mchangani, hata kama wazazi waliwafukuza. Wenye kuwaona waseme.

Tano: mtu aliyetumia nguvu zake kuumiza raia, jina lake lisiingie. Na likiwa limeingia, mkutano huu uwe na haki ya kulifuta, mchana, mbele ya watu wote, naye akipewa nafasi ya kujitetea.

Hatutaki kuwachosha. Tuliahidi dakika 20, na prezida ameshaangalia saa mara mbili.

Tumalizie hapa. Mjane wa mzee wetu yuko kati yetu leo, ameketi upande wa mlango. Jana alitujia na mtu mwingine, mzee mwenye fimbo, ambaye hatukumjua. Alikuwa ametoka mbali, kwa pikipiki, na mgongo unamuuma. Tukamwuliza: baba, wewe ni nani kwa marehemu? Akasema: «Aliniangusha mara tatu. Mimi nilimwangusha mara moja. Ile moja, muandike pia.»

Mkikubali kwa kura, mzee huyo atakuja hapa mezani na kuwa shahidi wa kwanza. Kaye iko wazi.