Mtoto Anayechuchumaa: Maneno kwa Wazazi na Watumishi Siku ya Kumbukumbu



Nimepewa dakika chache niseme juu ya watoto ambao ulimi na midomo hugeuka bluu wakilia. Wengine wakikimbia kidogo huchuchumaa, hupumzika, kisha huinuka. Majirani husema mtoto mvivu, au karogwa. Kumbe kuchuchumaa huko ni dawa aliyojitafutia mwenyewe: damu nyingi zaidi hupata kwenda mapafuni.

Mwaka 1888 daktari Mfaransa, Étienne-Louis Fallot, alieleza kasoro nne zinazokaa pamoja katika moyo mmoja: tundu kati ya vyumba vya chini, njia nyembamba ya kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu hilo, na ukuta wa kulia ulionenepa. Yeye alizithibitisha kwa kupasua maiti. Leo huonekana mtoto akiwa hai, kwa kipimo cha eko, kilichoanzishwa na Edler na Hertz huko Lund, Sweden, mwaka 1953.

Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yakigonga kuta za moyo hurudi na kuwa picha. Rangi mnazoziona kwenye kioo si damu safi na damu chafu, kama wengi wanavyodhani. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho.

Shida iko hapa. Mara chache, hasa kwa watoto wenye hali ya Down, hizo nne huungana na kasoro nyingine: katikati ya moyo pamebaki wazi, na mahali pa vali mbili ipo moja ya pamoja. Kwa kusikiliza kifua daktari husikia mvumo tu. Hawezi kuhesabu kasoro. Na mpimaji akiona tundu moja akaridhika, mpasuaji atakuta kazi asiyoitarajia. Ndiyo maana moyo hupimwa kutoka pande kadhaa: mbavuni, chini ya kifua, hata shingoni.

Ndugu watumishi, kwenye karatasi ya rufaa msiandike "tundu la moyo" mkaishia hapo. Andikeni kama mtoto ana hali ya Down, na kama huchuchumaa. Nanyi akina mama, akishikwa ghafla na ubluu huo, mkunjeni magoti yafike kifuani, mtulizeni, mkimbizeni zahanati. Kipimo chenyewe hakina sindano. Hupakwa mafuta baridi kifuani, na mtoto anaweza kubaki mapajani mwa mama yake.