KAZI YA CHINI YA BAHARI KWA FUNDI ASIYE NA CHETI
(Maneno aliyoyasema fundi mmoja wa mitambo mbele ya wanachama, Mombasa)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mitambo ya chini ya bahari, kwa sababu vijana wetu huniuliza kila siku: "Mzee, mimi sikusoma chuo, je, naweza kuingia?" Jibu langu ni kwamba mlango upo, lakini ni mwembamba, na mbele yake wamekaa wezi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Kwenye visima vya mafuta na gesi vilivyo baharini, mara nyingi kina kinapita mahali anapoweza kufika mzamiaji. Basi hushushwa chombo kisicho na mtu ndani, chenye taa, kamera na mikono ya chuma. Kimefungwa waya mrefu unaopeleka umeme na kurudisha picha, na fundi hukiendesha akiwa juu melini, mbele ya kioo. Mwaka 1966 chombo cha namna hii cha jeshi la majini la Marekani kilitumiwa kuopoa bomu la nyuklia lililoanguka baharini karibu na Palomares, Hispania. Mwaka 1973 kingine kilisaidia kuwaokoa watu wawili waliokwama chini ya bahari karibu na Ireland. Leo vyombo hivi hukagua mabomba, hufungua na kufunga valvu, na hutumika katika kufukia nyaya za mawasiliano, za aina ya zile zilizofika hapa Mombasa mwaka 2009.

Kijana akisikia hivi hufikiri kazi ni kukaa kitini na kushika usukani. Ndugu zangu, maji ya chumvi hayana huruma. Plagi huingia maji, mihuri huvuja, mipira ya mafuta ya presha hupasuka. Sehemu kubwa ya kazi ni kutengeneza. Zamu ni saa 12, usiku au mchana, kwa wiki nyingi bila kuona nyumbani. Na meli hiyo hukodiwa kwa pesa nyingi kila siku. Chombo kikilala juu kwa ubovu, mkubwa haulizi nani ana digrii, huuliza nani atakiamsha.

Hapo ndipo penye nafasi ya fundi aliyejifunza kwa mikono. Mtu aliyetengeneza kreni, winchi, forklifti au jenereta kwa miaka kadhaa, huyo anajua pampu na mafuta ya presha, naye ana nusu ya kazi tayari. Kilichobaki ni kusoma michoro ya umeme, kutumia mita bila kubahatisha, na kuandika ripoti inayosomeka. Tena asikimbilie meli. Aanze karakana ya nchi kavu, mahali vyombo vinapoletwa kufunguliwa na kusafishwa. Akionekana ana mkono mzuri, atachukuliwa kuwa msaidizi, na saa zake za kazi zitaandikwa katika daftari na kutiwa sahihi na msimamizi. Daftari hilo ndilo humpandisha.

Sitawadanganya. Siku hizi makampuni mengi hutaka vyeti tangu mwanzo. Tena kazi hii hupanda na kushuka pamoja na bei ya mafuta: bei ilipoanguka kuanzia mwaka 2014, hata mafundi wa miaka mingi walirudishwa makwao. Kwa hiyo mtu asiache kazi aliyo nayo kwa kufuata ndoto.

Kuna karatasi ambazo hakuna ujanja wa kuziepuka. Moja ni ya daktari. Nyingine ni ya mafunzo ya kujiokoa, ambamo mtu hupinduliwa majini ndani ya mfano wa helikopta na kutakiwa atoke. Tusinung'unike juu ya mafunzo hayo. Julai 1988, katika jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, watu 167 walikufa.

Sasa niwaseme wale wezi. Wakala atakuambia, "Lete pesa ya nafasi, meli inangoja." Kwa mabaharia, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anacholipa mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Anayekuuzia kazi hana kazi. Usiuze shamba la baba yako kwa ajili yake.

Mimi nilianza kwa kumshikia fundi spana. Nafasi yangu ya kwanza ya baharini ilipotokea, niliulizwa swali moja: "Barua ya kazi iko wapi?" Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita mahali pamoja, na sikuwa na hata mstari mmoja. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Ilinibidi kumtafuta msimamizi wangu wa zamani mpaka kwao kijijini, aniandikie. Nilingoja mwaka mzima nafasi nyingine.

Nisingelia hivyo kama ningaliijua sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, isipokuwa kama alifanya kazi chini ya wiki nne. Hati itaje mwajiri, namna ya kazi, siku ya kuanza na siku ya kuacha. Mwajiri halazimiki kukusifu, lakini lazima aseme ulikuwa nani. Pia fundi asiyesoma chuo anaweza kupimwa ufundi wake na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza.

Basi, ndugu wanachama, naomba mambo mawili. Kila mmoja anunue daftari leo, aandike kila mtambo alioutengeneza, tarehe, na ubovu aliouona, na nyapara atie sahihi. Na mwenzetu akinyimwa hati yake, asiende ofisini peke yake, tuende naye. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na ufundi wetu ndiyo mali yetu.